Taa Nyekundu ya Gari la Mzee Lomoro

Jumatatu, 1 Machi 1999. Arua.

Siku ya tatu sasa nina gari. Si langu, lakini nani anauliza? Ni la Mzee Lomoro wa Koboko, baba yake Rosa Kiden. Toyota nyeupe, imetoka Japani juzijuzi, viti bado vina nailoni. Mzee amevuka kwenda Ariwara na lori la biashara, na kwa kuwa Kongo kuna vita, hakutaka gari lake jipya livuke mpaka. Funguo akaniachia mimi. Mimi Kasimiro, muuza kanda za muziki! Akasema mbele ya Rosa kwamba nilifikishe Koboko Jumamosi kama lilivyo, na siku hiyohiyo wazee wake watakaa kujibu posa yangu. Mtu asiyeweza kutunza gari wiki moja, alisema, hawezi kutunza mke. Zamani alishika stoo ya jeshi, yule. Hata vijiko vya nyumbani kwake anavijua kwa sura.

Nimeelewa. Lirudi kama lilivyo. Lakini zuri zaidi kidogo.

Maana redio iliyokuja na gari ni aibu. Ya Kijapani, haishiki stesheni hata moja huku kwetu, inakoroma tu. Muuza kanda aingie Koboko kuposa huku gari linakoroma? Haiwezekani! Leo nimepeleka gari kwa Kasereka, fundi redio wa Kikongo pale nyuma ya soko, atie redio mpya ya kaseti, yenye taa za bluu zinazocheza. Ilipofika nusu ikagoma kuingia. Nyuma kulikuwa na plagi ya njano imekaa palepale. Kasereka akasita. Nikamwambia aichomoe, gari hili lina waya nyingi kuliko kazi.

Redio ikaingia. Muziki ukalia, watu wakakusanyika, mama mmoja akatua beseni la nyanya akacheza. Furaha!

Kisha nikaona taa. Nyekundu, pale mbele ya dereva. Picha ya mtu ameketi, mbele yake duara kubwa. Haizimi. Nikazima gari, nikawasha. Ipo. Nimepiga dashibodi kofi. Ipo.

Jumanne, 2 Machi.

Sikulala vizuri. Asubuhi na mapema kwa Kasereka. Akasema alijua nitarudi. Akaeleza kwamba ndani ya usukani kuna mfuko, na mwingine mbele ya abiria, gari likigonga kitu mifuko inavimba ghafla ili mtu asivunje uso. Plagi ya njano ndiyo njia yake. Imechomolewa, gari linalalamika. Dawa ni rahisi: ang'oe redio, afungue waya wa betri, asubiri kidogo, arudishe plagi mpaka ilie, taa itazima.

Nikauliza kama plagi na redio haviwezi kukaa pamoja. Akasema waya ni mfupi, nafasi ni moja.

Basi nikakataa. Redio haing'olewi! Nimekwisha kuchagua mpaka kanda ya kuingilia Koboko. Kasereka akanishika mkono, macho yamemtoka. "We ndugu, usitie moto ya betri mu ile waya ya njano. Hata kidogo. Ile kitu iko na baruti. Mutu anaweza kufa." Wakongo wanapenda kutisha watu. Nimenunua utepe mweusi, nimebandika juu ya taa. Sasa haionekani. Kisichoonekana hakipo.

Jumatano, 3 Machi.

Adriko! Jirani yangu, mtu wa Onduparaka, dereva wa pikapu, shabiki wa mpira mwenye sauti ya spika. Alimtaka Rosa kabla yangu na hajapona. Leo nimemkuta ameingia gari bila ruhusa, eti anatazama redio, na ukucha wake uko kwenye utepe. Akaubandua. Akaitazama picha. Akacheka mpaka akashika mlango.

Akasema ile ni picha ya mwanamke mjamzito. Akasema Wajapani wamefika mbali, siku hizi gari lenyewe linajua ni nani aliyekalia kiti na ana hali gani. Halafu akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ni nani alikaa humo mara ya mwisho.

Rosa. Jumapili nilimpeleka misa Ediofe. Watu wote walituona.

Nikasema taa imewaka Jumatatu. Akajibu kwamba labda gari lilihitaji siku moja kufikiri.

Kufikia mchana wateja watatu wamenipa pongezi. Mmoja amenitajia faini ya Wakakwa, kabila la akina Rosa, kwa mtu anayempa binti mimba kabla ya kutoa mahari, na adhabu ya ndugu zake binti kabla ya hiyo faini. Hii habari ikitangulia Koboko, posa imekufa, na mimi pia.

Alhamisi, 4 Machi.

Rosa amekuja kibandani. Hakunisalimia. Akasimama kati ya kanda zangu, mikono kiunoni, akasema wanafunzi wenzake wa ushonaji wamemwekea kiti leo asichoke. Kiti! Akasema amekaa Arua mwaka mzima bila doa, na mimi nimemchafua kwa redio. Niing'oe leo. Na habari nyingine: mama yake anakuja kesho Ediofe kwenye maombi ya akina mama, na Jumamosi atarudi Koboko na sisi. Ndani ya gari. Mbele ya taa.

Nikaapa nitaing'oa. Machozi yalimlengalenga, nami roho iliniuma kwelikweli. Nampenda Rosa. Hata nilichukua bisibisi.

Lakini bisibisi ikiwa mkononi mtu hufikiri. Kung'oa redio nzima kwa ajili ya taa moja ni kuchoma nyumba kwa ajili ya panya. Si ni taa? Taa ina balbu. Toa balbu, kwisha habari! Nimefungua dashibodi mwenyewe, nimeingiza mkono, nimetoa balbu, nimefunga. Kazi safi.

Ilikuwa balbu nyingine. Sasa geji ya mafuta haiwaki na mshale wake umelala, nadhani niligusa kitu. Nyekundu inawaka. Naona kama imeongeza nguvu.

Ijumaa, 5 Machi.

Mama Margarita amefika. Kwa sisi wa huku sihitaji kuandika, lakini naandika nijikumbushe. Mama mkwe hatazamwi usoni. Hasemeshwi moja kwa moja, maneno hupitia kwa mtu. Hukai naye kiti kwa kiti. Nilisimama mbali, natazama viatu vyangu, nikamwomba Rosa anipelekee salamu. Ziliporudi zilikuwa baridi. Rosa aliniambia baadaye kwamba mama amesikia. Alimtazama tumboni tu, kisha akamwambia ageuke, akamtazama ubavuni.

Mpango wangu wa kesho ulikuwa mzuri: mama akae nyuma, Rosa mbele, utepe mpya juu ya taa. Jioni ukaja ujumbe. Mama akikaa nyuma hutapika. Atakaa mbele.

Basi mimi siwezi kuendesha! Mkwe bega kwa bega na mama mkwe hadi Koboko? Wazee wangeniosha kwa majivu. Nimezunguka mji mzima natafuta dereva. Wote wana safari. Aliyebaki ni mmoja. Alikubali haraka mno, akauliza kama avae shati jeupe.

Jumamosi, 6 Machi. Koboko.

Naandika nimekaa juu ya kinu, nyuma ya jiko la watu.

Tuliondoka asubuhi. Adriko kwenye usukani, shati jeupe. Mama mbele. Mimi nyuma na Rosa na kuku wawili, magoti yangu kidevuni. Kila shimo la barabara nilifumba macho, nikiwaza ile baruti ya Kasereka na uso wa mama. Nilitaka kumwambia asogee nyuma kidogo. Nimwambie vipi? Nikamnong'oneza Rosa. Rosa alikuwa hasemi na mimi. Nikawa mtu wa kuposa asiye na wa kuongea naye ila kuku.

Kabla hatujafika Maracha jua lilikwisha kuwa kali. Gundi ikalainika. Utepe ukaanza kukunjika, taratibu, kona moja, halafu nyingine. Ukaanguka kwenye mguu wa Adriko. Taa ikatokea. Mama akainama. Akaitazama muda mrefu.

"Kiden," akasema, "uliza huyu mutu iko nyuma. Hii picha iko ya nani?"

Rosa hakuniuliza. Adriko ndiye aliyejibu, kwa heshima kubwa, kwamba yeye ni dereva tu, mambo ya familia hayamhusu. Nyoka! Mama akageuza uso dirishani. Adriko akawasha redio. Kanda yangu ya kuingilia Koboko ikalia, na sijawahi kusikia muziki wenye huzuni kama ule.

Kwa Mzee Lomoro wazee walikuwa wamekwisha kufika, suti zimepigwa pasi, viti kivulini. Karibu wote ni watu wa jeshi la zamani, walioikimbia vita mwaka wa sabini na tisa wakarudi. Mzee akashika mikono yetu, akasema tule kwanza, kisha atatazama gari, kisha watakaa. Nikaona mama anamvuta pembeni.

Nilikuwa na dakika chache za kuokoa maisha yangu. Nikasema nasogeza gari nyuma ya nyumba, kwenye ubaridi. Mfukoni nilikuwa na kifaa changu, nimekitengeneza mwenyewe usiku: betri za tochi, balbu, waya mbili. Nilitaka kujua tu ni waya upi unaopeleka umeme kwenye taa, niukate. Nikafungua mlango wa abiria, nikachuchumaa nje, nikaingiza mkono chini ya dashibodi. Waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ulikuwa wa njano. Nilimkumbuka Kasereka. Lakini nilijiambia yeye alisema moto ya betri, na hizi ni betri za tochi.

PAAA!

Dashibodi ilipasuka. Kitu kikubwa cheupe kilitoka kama mto wa kitanda uliokasirika, kikanipiga bega, nikaruka chali. Moshi. Unga mweupe kila mahali. Masikio yanalia wiii.

Na kutoka mbele ya nyumba, sauti ya Mzee Lomoro: "Lala chini! Wote!"

Nilipochungulia chini ya gari niliona kivuli hakina mtu hata mmoja aliyekaa. Wazee wote wako chini, tumbo mavumbini, suti na yote, wamepangana vizuri kwa umbali. Mmoja anatambaa kuelekea jikoni kwa viwiko. Mwingine amekwisha kufika shimo la takataka na anauliza wako wangapi. Adriko peke yake amebaki wima, sahani mkononi, mdomo wazi.

Kisha nikageuka upande wa pili. Mama Margarita alikuwa amekuja kuchukua kapu lake garini. Naye alikuwa amelala chini, hatua mbili kutoka kwangu, kitambaa kimemtoka kichwani. Uso kwa uso. Alinitazama. Nilimtazama. Mimi mweupe kama maiti aliyepakwa unga. Nikasema, kwa hofu tu, "Shikamoo, mama."

Ya taa, ya gari, yote yalikuwa na dawa. Hili halina.

Wakanizunguka. Nilieleza kila kitu, redio, plagi, utepe, balbu. Mzee Lomoro aliinama mlangoni. Alitazama dashibodi yake iliyopasuka kama anayetazama ng'ombe aliyekufa. Hapo Rosa akapita katikati ya wazee. Akashika mfuko uliokuwa unaning'inia, akawaonyesha, kisha akawaonyesha picha ya taa. Mtu ameketi. Hili duara ni huu mfuko. Akauliza kama kuna mwenye swali lingine juu ya tumbo lake. Mama yake akamshika, akalia, na Rosa akalia. Mimi nikalia pia lakini kwa upande wangu.

Wazee walikaa. Nilingoja hapa kwenye kinu. Jibu limekuja kwa mdomo wa Adriko, anayependa kazi hiyo. Rosa hana lawama, na amesema mbele yao kwamba bado ananitaka, ingawa sasa hivi hajui kwa nini. Lakini nimemwona mama mkwe akiwa chini, na nimemsemesha. Kabla ya neno lingine lolote la posa, nimletee beberu la kumsafisha macho. Jeusi tupu, bila unywele mmoja mweupe. Likikubalika, posa itasikilizwa. Likiwa na doa, nisirudi tena. Na nisiguse gari.

Gari litaendeshwa na Adriko. Mzee ameipenda redio.

Jumanne, 9 Machi. Arua.

Siku tatu nimetafakari. Mtu mzima hujifunza. Nimemwapia Rosa kwamba sitagusa waya tena maishani, wala sitaficha kitu. Amenijibu kwamba kazi yangu sasa ni moja: nunua beberu jeusi, lete. Hata mpumbavu anaweza, alisema. Aliniamini. Niliona usoni.

Leo nimekwenda soko la Adumi. Beberu jeusi tupu lipo, lakini ni dogo, limekonda, linakohoa. Nimtie aibu Rosa kwa kitu kile? Karibu yake limesimama lingine, nene, pembe nzuri, linatembea kama diwani. Jeusi kuanzia pua hadi mkia. Isipokuwa mguu mmoja wa nyuma, mweupe hadi gotini.

Nimelichukua hilo. Limefungwa hapa uani.

Ule weusi wa ndani ya betri za tochi, si ndio tunaopaka ubao wa shule? Ubao haupauki mwaka mzima. Nimekwisha kupasua betri sita na kuzisaga, nimechanganya na utomvu wa mgomba ushike. Mvua haijaanza. Mbuzi hana taa ya kunichongea. Na wazee watatazama pembe, nani hutazama miguu?

Kesho alfajiri naanza na kwato, napanda juu.