Kichujio cha Friji Letu na Fundi Uliyemtuma

Likombe, Mtwara,
9 Oktoba 1973

Ndugu Msimamizi wa Karakana ya Majokofu,

Mjomba, shikamoo. Leo nakuandikia kama mteja, si kama mpwa wako, na ninaahidi kueleza yote, hata lile lisilonipendeza.

Friji letu halipozi. Mwezi huu wa Ramadhani tunafuturu kwa maji ya uvuguvugu, na Bibi amekwisha kusema kwamba mtungi wake haukuwahi kumfanyia hivyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi Iddi uliyemtuma alifungua mlango, akafunga, akacheka. "Friji zima hili! Waambie wenye saumu waache kuja kupunga upepo humu." Ni kweli, jua likiwa kali Baba hulifungua apoze uso, na majirani wawili watatu nao huja. Lakini hilo si jibu la kitaalamu.

2. Hakugusa kichujio, ule mkebe mdogo wa shaba ulio nyuma, unaochuja uchafu na kunyonya unyevu wa gesi. Wewe mwenyewe ulinifundisha: bomba la kuingilia na la kutokea yawe na joto sawa, la kutokea likiwa baridi zaidi, kichujio kimeziba. Mimi jana niligusa asubuhi, adhuhuri na alasiri, kila mara nikimwondoa kwanza paka wetu anayelala hapo. La kuingilia lina joto, la kutokea limepoa. Nikamshikisha na Bibi bila kumwambia kitu, akasema vilevile.

3. Nilipomweleza Fundi Iddi, alinijibu, "Mwasiti mwanangu, vidole hivyo ni vya kusukia ukili." Hata Bibi alikasirika, na Bibi ndiye anayenifundisha kusuka ukili wa mikeka.

Kwa hiyo naomba kichujio kipya. Naomba pia Fundi Iddi apelekwe kutengeneza baiskeli mpaka vidole vyake vipate akili, na nafasi yake nishike mimi kuanzia likizo ya Desemba. Ikishindikana, majokofu yote ya Mtwara yaletwe hapa Likombe niyaguse. Mama hajakubali, ila amesema atakusikiliza wewe.

Nisalimie mkaza mjomba, watoto, na mafundi wote isipokuwa mmoja.

Mpwa na mteja wako mtiifu,
Mwasiti Mussa, Darasa la Saba

Baada ya sahihi: Kwa kuwa niliahidi kueleza yote. Nilipokwenda kutafuta gundi ya bahasha, paka alikuwa jikoni tangu mchana akinyemelea dagaa. Nikagusa mabomba. Joto sawasawa! Kisha akarudi, akalaza ubavu wake kwenye la kuingilia, na baada ya muda likapata joto. Kichujio ni kizima. Tena leo Baba yuko Naliendele, mlango haujafunguliwa, na chupa za maji nikizitoa zinatoka jasho kwa baridi. Fundi Iddi abaki alipo, msalimie naye.

Lakini Mjomba, aliyemgundua paka ni mimi. Nijibu kwa mkono wa huyuhuyu aliyekuletea barua: je, nafasi ya Desemba bado ipo?