Tambi za Kupanda Barazani

Jumanne, 11 Agosti
Wazazi wa Sayo wanakuja Jumamosi! Eti kula tu. Wanakuja kutukagua. Mwanangu Eiji akimkosa huyu msichana, atazeeka na mimi. Nitawapa tambi za kwenye maji: mimi naziachia juu, zinateremka na maji ndani ya mwanzi uliopasuliwa, wao wanazidaka kwa vijiti. Shida ni bibi yake Sayo. Magoti. Hawezi kushuka bustanini, atakaa barazani, na baraza iko juu kuliko pipa langu linalotoa maji ya mwanzi. Mama Kuroki wa jirani, ambaye hakuulizwa, akasema apelekewe bakuli. Bakuli! Kama mgonjwa!

Jumatano, 12
Nimepata! Nikibana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole, maji huruka hadi kwenye nguo za Mama Kuroki. (Bahati mbaya.) Basi nitatoa maji pipani kwa mwanzi mzima, usiopasuliwa, na mwishoni nitaweka mdomo mwembamba wa chupa ya mchuzi wa soya. Yatapanda yenyewe. Nimempigia Eiji, yeye ni fundi wa mabomba mjini. Akahema. Akasema mama, maji ya bustani yanatoka tangi la mlimani, ndiyo maana yana nguvu. Ukiyabana hayaongezi nguvu, yanaibadilisha tu: msukumo unakuwa mbio, mbio zinakuwa kimo. Hata yasipokwaruzana na kitu, maji yako ya pipani hayapiti kimo cha pipa. Nikamwuliza kama anakula vizuri.

Ijumaa, 14
Jaribio. Maji yamefika usawa wa pipa, yakasimama. Mama Kuroki ukutani: "Mama Eiji, yaonyeshe ngazi!" Nimebana zaidi. Yamesimama zaidi. Kumbe hayana wa kuyasukuma! Kesho tambi zitayasukuma.

Jumamosi, 15
Nilishindilia tambi ndani ya mwanzi kwa mwiko. Mwanzi ukapasuka, baba yake Sayo akiwa ameinama anausifu. Tambi kichwani, tambi kwenye miwani. Nikajua ndoa imekufa. Mara bibi akacheka mpaka akashika meno yake. Akasema hajawahi kumwona mkwewe amependeza hivi. Akaamuru abebwe chini. Eiji akambeba mgongoni. Bibi akadaka tambi begani kwa mkwewe, akala, akasema kwenye nyumba hii mjukuu wake hatachoka kucheka. Harusi Oktoba!

Jumapili, 16
Mama Kuroki anasema tumeokolewa na bibi. Wivu! Ni mwanzi wangu. Eiji amenieleza tena habari za kimo, nikaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo. Jiko la ukumbi wa harusi liko chini, wageni watakaa ghorofani. Nimeshapata mdomo mwembamba zaidi: wa chupa ya dawa ya macho.