Kitufe cha Endelea

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya sita bila mradi. Sijakaa bure lakini: nimejiandikisha kozi ya lugha mpya ya kompyuta. Masomo arobaini. Ijumaa daktari wa meno wa ghorofa ya chini atachagua mtu wa kumwandikia programu ya miadi ya wagonjwa, kwa lugha hiyo hiyo. Nikikosa, Jumatatu ijayo naanza kuuza rangi dukani kwa kaka wa mke wangu. Shemeji ameshanishonea aproni. Ya bluu, ina jina langu kifuani. Naiogopa kweli.

Nilifungua somo la kwanza. Pazia likavimba kwa upepo, likatua, likavimba. Nikajiona ofisini kwangu, ukuta mzima kioo, watu wananiita Mkuu. Nilipozinduka chai ilikuwa imepoa na somo lilikuwa likiniuliza kama bado nipo.

Jumanne, 4 Machi
Somo la pili. Miwani, jirani anayeandika programu kama mimi, amekuja kuazima pasi. Naye anamwinda daktari! Nikamuuliza yuko somo la ngapi. Eti hasomi kozi, anamtengenezea mama mkwe wake kijiprogramu cha kumkumbusha dawa za presha. Nikamwonea huruma. Mtu mzima, anacheza.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Kwa nini nibofye "Endelea" mwenyewe? Nimeandika programu inibofyee, isome maswali, itafute majibu, ijaze. Nimetumia lugha mpya, ndiyo niliyoikuta wazi kwenye kompyuta. Ilinigomea mara kumi na moja. Nikarekebisha, nikafuta, nikaanza upya, hata njaa sikuisikia. Mke wangu akasema hajaniona nikikazana hivi tangu harusi. Maskini, hajui natega masomo.

Alhamisi, 6 Machi
Programu inasoma, mimi nimejilaza. Kishale kinatembea chenyewe kwenye kioo, polepole, kama mtu anayepunga upepo. Somo la kumi na tisa. La thelathini. Nikaelea nalo hadi jioni. Cheti kikatoka: alama tisini na nane. Nimekitia kwenye fremu ya picha ya harusi, kwa muda tu.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari alikuja. Nikampa fremu. Akasema vyeti anavyo ukuta mzima na hakuna hata kimoja kilichowahi kung'oa jino. Alitaka kuona chochote nilichokiandika mwenyewe kwa lugha hiyo, hata kibaya, maana mficha uchi hazai. Nilikuwa nacho kimoja tu, kile cha kutegea masomo. Nikasema sina.

Akavuka kwenda kwa Miwani, milango ikiwa wazi. Kile kijiprogramu kikalia palepale, mama mkwe akameza dawa, daktari akacheka. Kazi ikaenda. Nilisimama jikoni nikitazama sinki. Niliumia sana.

Jumamosi, 8 Machi
Miwani amerudisha pasi. Mke wangu hakunifokea, ameichukua akanyooshea aproni tu.

Lakini kosa langu nimeliona: cheti kimoja hakitoshi. Nimejiandikisha lugha nyingine, mpya zaidi, masomo themanini. Kompyuta ikalalamika kwamba imejaa, nikafuta ile takataka ya kubofya. Ya nini tena?

Kisha nikabofya "Endelea" kwa kidole changu mwenyewe. Pazia likaanza kuvimba.