Suti ya Yadi Nne Zilizobaki

Jumatatu, 4 Machi
Mama wa mchumba wangu kaleta kitambaa cha samawati, yadi tano na robo. Nimshonee gauni la Jumamosi, siku ukoo wao utakapoamua kama fundi cherehani mimi nafaa kumwoa binti yao. Gauni linakula yadi mbili na theluthi mbili. Kitakachobaki, kasema, nichukue. Nichukue! Basi najishonea suti ya kitambaa hichohicho. Tukikaa sebuleni tumefanana, nani atathubutu kunikataa?

Hesabu nimepiga kwa chaki mezani. Tano toa mbili, tatu. Robo toa theluthi mbili: juu, moja toa mbili haiwezekani, nikageuza, mbili toa moja, moja. Chini, nne toa tatu, moja. Moja juu ya moja ni moja nzima. Zinabaki yadi nne. Akili ninayo, jamani.

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza na suti. Mabaki ni mabaki, yakatwe mwanzo au mwisho. Fundi Miwani, mshindani wangu wa kibanda cha pili, kachungulia na kuuliza tangu lini mabaki yanatangulia nguo ya mteja. Nikamwambia ashughulike na vifungo vyake. Kijicho hicho.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Mezani imebaki yadi moja na robo. Nimepima mara tano. Nimemuuliza Miwani kama hajachukua kitu. Kanuna.

Jioni mchumba akapita. Ni mwalimu wa hesabu, ndiyo maana nilifuta meza. Sikufuta vizuri. Akasoma, akakaa chini. Akaeleza kwamba theluthi haitolewi kwenye robo mpaka zote zigawanywe vipande sawa. Robo ni vipande vitatu vya kumi na mbili, theluthi mbili ni vinane. Kwenye vitatu huwezi kutoa vinane, kwa hiyo unavunja yadi moja kati ya zile tano, vinakuwa kumi na tano. Toa vinane, saba. Nne toa mbili, mbili. Zilipaswa kubaki yadi mbili na vipande saba vya kumi na mbili. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akasema mama yake akikosa gauni nisimtafute tena. Nimelia kidogo, nyuma ya cherehani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemeza kiburi, nikampelekea Miwani vipande vyote. Anajua kuunga kitambaa mpaka mshono usionekane. Sharti lake: nikiri mbele ya wateja watatu kwamba ananizidi. Nikakiri. Akataka nirudie kwa sauti. Suruali yangu sasa ni sketi ya gauni la mama mkwe.

Jumapili, 10 Machi
Jana! Mfuko wa nyuma wa suruali tulisahau kuufumua. Mama mkwe kaugundua mbele ya wazee wote. Akatumbukiza simu yake ndani, akatangaza kwamba fundi huyu anafikiria watu. Nimekubaliwa! Mchumba kaniapisha: kila hesabu ya kitambaa aione yeye kwanza, ndipo nishike mkasi. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Leo shangazi yake kaleta kitambaa cha mapazia, yadi saba na nusu, mabaki yawe yangu. Mapazia yanakula yadi tatu na sehemu tano za sita. Saba toa tatu, nne. Juu, tano toa moja, nne. Chini, sita toa mbili, nne. Nne juu ya nne, moja nzima. Zinabaki tano kamili! Suti ya harusi hiyo, na koti refu. Hesabu nyepesi namna hii, ya nini kumsumbua mwalimu siku ya mapumziko? Nimeshakata.