Vita vya Kona ya Bomba, Nyanda za Konsen

Sogeeni, nyinyi mliokwisha kusikia habari za majemadari na ngome, muisikie na hii ya bomba la maziwa, ambamo halikumwagika tone la damu, ingawa maziwa yalikuwa karibu sana kumwagika.

Mashariki mwa kisiwa cha Hokkaido alitawala Mzee Tokuji, Bwana wa Ng'ombe Arobaini, Mtesi wa Vijidudu, ambaye kila alipomaliza kukamua aliyasukuma maji yatokotayo katika vikombe vya mashine ya kukamulia na mabomba yake, akiamini hakuna adui awezaye kuustahimili moto ule. Adui alistahimili. Sampuli mbili mfululizo za maziwa zilionekana kujaa vijidudu, na ushirika wa wafugaji ukatuma neno: ikiwa hata ya tatu ni mbaya, lori halitachukua maziwa, na yatamwagwa kwenye shimo la mavi.

Ndipo akainuka mkwewe Chizuru, Mshika Brashi. Akalifungua bomba penye kona, akaiona ngome ya adui: gamba la manjano, gumu kama ukucha.

"Baba, njoo uone. Maji yako ya moto yameyapika maziwa humu ndani, yakashika."

"Miaka thelathini nasafisha hivi. Wewe umekuja na masanduku yako juzi."

"Juzi ni miaka kumi na mmoja, Baba."

"Ndiyo hiyo juzi."

"Haya. Jioni ukienda kuoga, unaingia kwenye beseni la maji moto na tope lako la zizini?"

Mzee akamtazama kama aliyetukanwa. "Mimi ni mnyama? Najimwagia maji kwanza, najisugua, ndipo niingie. Nani asiyejua hilo?"

"Bomba halijui. Nalo lataka kuoshwa kwanza kwa maji vuguvugu, ndipo ya moto."

Ng'ombe arobaini wakacheua kwa pamoja, mithili ya baraza linalopima hoja. Hatimaye Mzee akauliza, kwa sauti ya mfalme anayesalimisha mji:

"Vuguvugu kiasi gani?"

"Kama ya kumwogeshea mtoto."

Chizuru akalisugua gamba mpaka likasalimu amri, akabadilisha mpira wa kuzibia kiungo uliokuwa umepasuka, akatanguliza maji vuguvugu na kufuatisha ya moto yenye sabuni. Siku ya kumi dereva wa lori, Onodera, akaja na karatasi: vijidudu vimeshuka, maziwa yanachukuliwa.

"Mmefanyaje?" akauliza, akiunganisha mpira wa kunyonyea wa lori kwenye tangi la maziwa.

"Hapa kwetu tunaanza na maji vuguvugu," akajibu Mzee Tokuji. "Tangu enzi za babu yangu."

Chizuru akainama kuosha brashi. Nasi waandishi wa historia tumeandika hivyo hivyo, tangu enzi za babu yake. Na chini, kwa herufi ndogo, tukaongeza: yaani Jumanne ya wiki iliyopita.