Sahani Zilizoondoka Mbele ya Mama Mkwe

Kwa Meneja wa Ukumbi wa Chakula,

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu, pamoja na pongezi kwa vinara vyenu vya mishumaa, vitambaa vilivyonyooka na viti vya mahameli. Mimi ni fundi makochi, na viti hivyo nilipata muda wa kutosha kuvichunguza, kwa kuwa kula sikula.

Jumatano nilialikwa kwenu na mama wa mchumba wangu, mwalimu mkuu mstaafu, ili anitazame kabla wazee wa ukoo wake hawajakaa Jumapili kuamua kama nipewe binti yao. Shangazi yangu alinionya mapema: mama yule hamwamini mwanamume anayedonoa chakula; asiyekula vizuri, husema, hata kazi haiwezi. Basi sikutia kitu mdomoni tangu asubuhi, ili niisafishe kila sahani mbele yake. Nina miaka arobaini na mmoja, Ndugu Meneja. Bahati kama hii haibishi hodi kila mwaka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Supu. Kwetu mkubwa akizungumza, unaweka kijiko chini. Mama alianza kuzungumza, nikaweka kijiko. Mhudumu wenu mwenye glavu nyeupe akachukua bakuli. Nilidhani amekwenda kuniongezea.

2. Samaki. Mama akaingia kwenye habari za shule aliyoiongoza miaka ishirini na sita, nami nikalaza uma na kisu pamoja, kwa adabu, kama viatu mlangoni. Samaki akaondoka. Baadaye nikaambiwa kwamba kwenu hiyo ni alama ya kushiba. Jambo zito kama hilo mngelibandika ukutani, kama mlivyobandika katazo la sigara.

3. Nyama. Hapa nikajifanya mjanja, nikasikiliza huku nimeshika uma. Mama akautazama uma, akanitazama mimi, akakatiza hadithi yake. Ikabidi niulaze kando ya kisu, naye akaendelea. Mhudumu akafika papo hapo, akainama, akauliza kwa upole kama nimefurahia. Nikaitikia kwa kichwa, maana sikutaka kumkatiza mama maneno. Kijana wa watu ana adabu kuliko sisi sote, na adabu yake nusura initoe roho.

4. Hili ndilo lililonichoma. Kabla ya kitindamlo alikuja na brashi ndogo akafagia makombo ya mkate mbele yangu. Makombo, Ndugu Meneja! Nilikuwa nimeshayatolea macho.

Kitindamlo chenyewe sikisemi. Kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha kochi, na mama alikuwa bado hajafika mwaka aliostaafu.

Tangu siku hiyo mama hajatamka neno juu yangu. Kwa mtu anayezungumza vile, kimya hicho ni hukumu. Naogopa, siwafichi. Nampenda binti yake.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu na kabla ya Jumapili: barua yenye muhuri wa hoteli kuthibitisha kwamba nilikuwa na njaa, saini ya mpishi mkuu akikiri kuwa sahani zangu zilirudi jikoni zikiwa bado zimejaa, na mhudumu mwenyewe afike mbele ya wazee, na glavu zake, aeleze. Wazee wakitaka ushahidi zaidi, aje na samaki.

Nisalimieni wapishi, waosha vyombo, mlinzi aliyenifungulia mlango, na yeyote aliyekula nyama yangu. Huyo nimemsamehe, ila sijui lini nitamsahau.

Wenu mwenye heshima na tumbo tupu,

Fundi Makochi

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, mchumba wangu amepiga simu. Mama amekubali, na wazee wameambiwa wasijisumbue kukaa. Mama anasema tangu azaliwe, ukimhesabu marehemu mumewe na walimu wote aliowaongoza, hajapata mtu wa kumsikiliza mpaka akasahau kula. Basi barua msiandike, na mpishi asikiri chochote. Jumamosi tunarudi, kwa sababu mama anasema hajamaliza. Mtuwekee mhudumu yuleyule. Mimi nitakula nyumbani kwanza.