Nionyesheni Majengo Yangu Kumi na Moja

Ndugu Kamishna wa Kodi,

YAH: OMBI LA KUONYESHWA MAJENGO YANGU KABLA YA IJUMAA

Kwanza pole na kazi. Najua unapokea barua nyingi za watu wanaolia kuwa wanatozwa kupita kiasi, na nyingi zimeandikwa kwa hasira. Hii haimo kati ya hizo. Mimi ni kinyozi wa kiti kimoja, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na mtu anayeshika wembe shingoni mwa wenzake hana budi kujifunza kutuliza moyo. Ninachoomba ni kidogo tu. Ofisi yako imegundua kuwa nina majengo kumi na moja, nami naomba nionyeshwe yalipo.

Nieleze lilivyoanza. Miongoni mwa wateja wangu yumo Mheshimiwa Mgombea, yule ambaye watu wa mtaani wanamwita Bwana Ghorofa. Huja kila Jumamosi, anakaa kwenye kiti nilichoachiwa na marehemu baba, wapiga picha wanajazana mlangoni, basi ananyolewa kama mtu wa kawaida. Nywele zenyewe zimebaki mbili tatu pembeni, lakini namnyoa nusu saa nzima kwa ajili ya picha. Wiki tatu zilizopita, kwenye mkutano wa kampeni pale uwanja wa mpira, mtu mmoja akamuuliza analipa kodi kiasi gani. Mheshimiwa hakubabaika. Alichomoa karatasi mfukoni, akainua juu, akasema: "Mwaka jana mimi na kinyozi wangu tumelipa kodi sawasawa. Kama huo si usawa, niambieni usawa ni nini."

Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, tena nikiwa nimesimama. Mwandishi wa gazeti akaja saluni kuomba karatasi yangu ya kodi, nikaibandua ukutani pembeni ya kioo nikampa, na kesho yake zikatoka zote mbili ukurasa mmoja. Ni kweli tupu. Hesabu zetu zilipishana kwa bei ya wembe mmoja, na aliyezidisha ni mimi.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu iliyofuata alikuja afisa wenu, bwana mmoja wa miwani na mkoba, mtu mstaarabu sana. Alinieleza taratibu, kama mwalimu mwenye huruma: Mheshimiwa ana majengo kumi na moja na analipa kiasi hiki, wewe unalipa kiasi hikihiki, kwa hiyo na wewe una majengo kumi na moja, umeyaficha wapi? Nakiri, Ndugu Kamishna, sikuona kosa katika hoja hiyo na mpaka leo silioni. Nilimwomba tu aipindue, aanzie kwangu: mimi nina kiti kimoja na nalipa kiasi hiki, basi na Mheshimiwa ana kiti kimoja. Akanijibu kuwa hesabu za ofisi hazianzii chini. Akasogeza kioo, akafungua droo ya mashine na vitana, akalala kifudifudi kuchungulia chini ya kiti, akainuka kwa haraka na kugonga kichwa. Alichokipata ni brashi niliyokuwa naitafuta tangu mwaka juzi, na kwa hilo namshukuru. Kisha akaniachia notisi. Nisipoyatangaza majengo yangu ifikapo Ijumaa, saluni inatiwa kufuli na kiti cha baba kinachukuliwa.

2. Ndugu zangu wanasoma magazeti. Baba mdogo, ambaye mara ya mwisho kuniona nilikuwa bwana harusi, amekuja na begi. Shemeji yangu ameacha kazi, anasema haoni sababu ya kuhangaika wakati dada yake ameolewa pazuri. Nikiwaambia sina kitu, wanatazamana na kucheka, wanasema matajiri wote ndivyo wanavyosema. Na kweli, Mheshimiwa naye ndivyo anavyowaambia ninyi kila mwaka, nanyi mnamwamini papo hapo. Naomba mnifundishe anavyolitamka hilo neno "sina".

3. Mke wangu hanisemeshi. Majengo hayamsumbui, kinachomsumbua ni nani anaishi ndani yake. Alisema sentensi moja tu, akiwa anakunja nguo na hata hakunitazama: "Majengo kumi na moja, na hata moja hukunionyesha." Tangu hapo ananiwekea chai mezani bila neno, na sukari najitilia mwenyewe. Sasa nakuuliza wewe, Kamishna, mtu mwenye familia. Nitamthibitishiaje mke wangu kuwa sina nyumba ndogo, wakati ofisi yako ina faili linalosema ninazo kubwa kumi na moja?

4. Msimamizi wa jengo letu naye kasikia. Saluni yangu iko chini kabisa, imepakana na chumba cha dada mmoja fundi cherehani. Yule msimamizi alikuja na kitabu chake akanipandishia pango, akasema mwenye majengo kumi na moja halii kwa pango. Sawa, langu nimelimeza. Lakini akavuka kizingiti akampandishia na fundi pia, eti kwa kuwa anachangia ukuta na tajiri. Fundi huyu ana cherehani moja na watoto watatu, na hajawahi hata siku moja kuchelewesha pango. Aliacha kushona, akaweka mkasi chini, akaniambia: "Kaka, lete karatasi tumwandikie huyo Kamishna. Leo utasema na mimi nitaandika." Ndiyo maana barua hii unaisoma bila taabu, kwa sababu mwandiko ni wake, mimi kalamu hainikai. Nami nimemwapia hapahapa, mbele ya cherehani yake, kwamba mkinionyesha jengo langu hata moja, hakuna mpangaji humo atakayelipa pango jipya maadamu niko hai. Yeye ndiye shahidi, na ameliandika kwa mkono wake.

5. Hili la tano linahusu viwango vyenyewe, naomba ulisome ukiwa umekaa. Mwanasheria wa Mheshimiwa humsubiri kwenye benchi langu kila Jumamosi, na mtu anayesubiri hupenda kuongea. Kwa hiyo najua mambo mengi. Najua kwamba Mheshimiwa hana mapato. Ana ukuaji. Thamani ya majengo yake inakua, na kitu kinachokua hakitozwi mpaka kivunwe, naye havuni, anakopa kwa kuweka rehani kile kinachokua, na mkopo si mapato. Gari lake ni kitendea kazi. Mbwa wake wawili ni wafanyakazi. Bwawa lake la kuogelea limeandikwa kuwa akiba ya maji ya kuzimia moto. Mimi sina wivu, nilimpongeza. Lakini nikajitazama kwenye kioo changu nikajiuliza, hivi mimi nakuza nini?

Sikuzi kitu, Ndugu Kamishna. Kazi yangu yote ni kupunguza. Mteja anaingia na nywele nyingi anatoka na chache, na hizo nilizotoa nazifagia nazitupa. Katika nchi nzima hakuna biashara inayoendeshwa kwa hasara iliyo wazi kama yangu. Kama ukuaji hautozwi, upungufu unatozwa kwa sheria ipi? Kwa hiyo naomba nirudishiwe kodi ya miaka kumi na tisa. Naomba pia baba mdogo aandikwe kuwa mlinzi, maana halali na hatoki. Na beseni langu la kunyolea liandikwe kuwa akiba ya maji ya kuzimia moto.

Isije ikaonekana mimi ni mpinzani. Mheshimiwa nilimuunga mkono kabla ya wengi. Mwaka juzi, nikiwa katikati ya kumnyoa ndevu, mwanasheria wake aliweka rundo la karatasi pembeni ya beseni, akasema ni fomu za wadhamini wa mgombea, nisaini zote. Nilisaini bila kusoma, mikono imejaa povu, kama ninavyosaini kila kitu nikiwa kazini, maana mteja hawezi kuachwa na shavu moja. Niliuliza mbona fomu nyingi hivyo, nikaambiwa demokrasia ina karatasi nyingi. Mkono uliniuma mpaka jioni. Mtu aliyejitolea kiasi hicho hastahili kutiwa kufuli.

6. La mwisho silo lalamiko, ni njia ya kumalizana. Kama majengo yapo, nipeni funguo, hata za lile bovu kuliko yote, niende nazo kwa mke wangu. Kama hayapo, basi kubalini kuwa mimi na Mheshimiwa tunalipa sawa kwa sababu tuko sawa, yaani ni maskini wote wawili. Hapo itabidi tumsaidie. Mimi niko tayari kumnyoa bure mpaka atakapojiweza, na fundi anasema atamtilia viraka suti bila malipo. Mtumeni na yule afisa wa miwani akalale kifudifudi chini ya kiti cha Mheshimiwa pia, achungulie. Ila ajihadhari na kichwa.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa. Msalimie afisa wenu, natumaini uvimbe umepungua. Wasalimie makarani, mlinzi wa getini, na mama anayewapikia chai, ambaye nasikia anakatwa kodi kabla hata ya kuuona mshahara. Mwambie tuko pamoja.

Ni mimi, mlipakodi wako mtiifu kwa tofauti ya wembe mmoja,

Kinyozi wa kiti kimoja.

NYONGEZA: Samahani kwa mistari kupinda, sehemu hii naandika mwenyewe. Nilikuwa natafuta bahasha ndipo afisa wenu akarudi, safari hii na faili. Ofisi yako haijakosea, Ndugu Kamishna, na niliyoyasema hapo juu nayafuta. Majengo yapo kumi na moja na yote yana jina langu, saini yangu, na alama za povu lililokauka. Kumbe zile hazikuwa fomu za wadhamini. La saba katika orodha ndilo hili tulimo, kwa hiyo aliyenipandishia pango ni mimi, na nimejisamehe.

Mke wangu sasa anaongea, na sukari ananitilia. Amechukua shemeji wakayakague yote, chumba kwa chumba. Mwanasheria wa Mheshimiwa naye alikuja mbio na karatasi nyingine nisaini kuyarudisha. Nimemwambia mikono ina povu, aje baada ya uchaguzi. Alipoketi kwenye benchi kupumua nikamuuliza kodi itakuwaje, akanihesabia: kwa ukarabati, uchakavu na mikopo, mwakani nitalipa pungufu ya nilivyolipa nikiwa na kiti kimoja. Nimetafakari na naona ni haki kabisa. Ukuaji ni kitu laini, ukishikwashikwa unadumaa. Tafadhali msivibadilishe viwango, sisi wenye majengo tutakata tamaa.

Fundi cherehani amekataa kuiandika nyongeza hii. Ameichukua kalamu yake, hii ni ya kuazima. Anasema atakuandikia barua yake mwenyewe, na humo atanukuu kiapo fulani cha lalamiko la nne. Ikifika msihangaike nayo. Ni mpangaji wangu tu, na pango la mwezi huu, lile jipya, hajalipa.